Visu Saba vya Mkebe wa Maziwa

9 Januari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta umeketi wala hujalala, maana shangazi aliniambia kifua kilikusumbua mwisho wa mwaka. Huku kwetu tunasukuma siku. Mama mguu bado umevimba, anashuka ngazi kwa makalio, akifika chini anacheka peke yake na kusema amerudi utotoni. Paa la chumba cha nyuma nimeliziba, sasa mvua inavuja kwa jirani.

Nakuandikia kwa lile la kikao cha ukoo. Najua hujasahau, wewe ndiye uliyelisema: mashine ya marehemu baba ya kukereza chuma isikae mikononi mwa mtu asiyeijua. Mkanipa mpaka mwisho wa Juni. Nikereze bushi moja ya shaba, kile kijibomba kifupi, na pini yake ya chuma ya kupita ndani, viingiane bila kucheza, nikutumie upime mbele ya shangazi. Ikifaa, mashine ni yangu. Isipofaa, mwanao Bonge anakuja kuichukua. Nilikubali mbele ya watu na sijageuka. Nyumba hii inakula kwa mashine ile, Baba Mkubwa, hatuna kingine.

Tabu yangu ni visu vya mashine, vya kukatia chuma. Mashine unaijua, ndogo, inakaa juu ya meza. Nikiilazimisha inatetemeka hadi vikombe vya mama vinagongana kabatini. Visu vya baba vipo kwenye mkebe wa maziwa ya unga, lakini ni butu, na mimi kunoa sijui. Yeye alikuwa ananoa, mimi nazungusha mpini wa jiwe la kunolea huku nikiangalia pembeni kama mjinga. Dukani wana aina mbili. Kuna haispidi, unanunua kipande kitupu cha chuma kigumu ukakinoa mwenyewe upendavyo. Na kuna kabaidi, vyenye kijincha kilichobandikwa, kigumu kuliko vyote, tayari kukata. Muuzaji anasema vyote vizuri, ndiyo kazi yake kusema hivyo. Siwezi kununua aina mbili.

Wewe una miaka thelathini mbele ya mashine. Ninunue vipi?

Mtoto wa mdogo wako,
Kijiti

2 Februari

Kijiti,

Marahaba. Kifua kimepona, waliokuwa wakingoja waendelee kungoja. Mke wa Bonge amejifungua salama, mtoto wa kike, sura kaichukua kwangu, maskini ya Mungu. Mwambie mama yako mguu uliovimba huinuliwa juu ya mto, hauburutwi ngazini. Lakini kwenu nani anasikia? Baba yako naye aliambiwa aache sigara. Sikio la kufa halisikii dawa.

Umeuliza swali la maana kwa mara ya kwanza tangu mumeo akurudishe. Nunua kabaidi. Haispidi ni ya watu wenye siku nzima ya kusimama kwenye jiwe wakibembeleza chuma. Kabaidi wewe kaza tu, ingiza kwa kina, sukuma kwa nguvu. Usiogope kelele, mashine ikilia ndiyo inafanya kazi. Ncha ikiwaka moto ichovye kwenye maji baridi. Ikipoteza makali inoe kwa lile jiwe la kijivu la baba yako.

Visu vya marehemu visikupotezee muda. Nilimfundisha mimi, naujua mkono wake. Alikuwa ananoa kama mtu anayechonga mwiko.

Bonge anakusalimu. Ameshapima mlango wa chumba chake, mashine itapita.

Baba yako mkubwa

27 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Hongera kwa mjukuu. Mama amefurahi sana, ameinua mguu juu ya mto kama ulivyosema na kweli uvimbe umepungua. Kwa hilo asante.

Nilinunua kabaidi, visu vitano. Cha kwanza nilikaza, nikaingiza kwa kina, nikasukuma. Mashine ikalia kama ulivyosema, meza ikahama kutoka ukutani, ncha ikavunjika na kipande kikanipita shavuni. Cha pili nilikwenda taratibu. Kikawaka, nikakichovya majini, kikalia "ta!" kikapasuka ufa katikati. Cha tatu kikawa butu. Nilisimama kwenye jiwe la kijivu mpaka mkono ukafa ganzi, na kilichonoleka ni jiwe. Lina shimo sasa.

Nikavifunga kwenye kitambaa nikarudi dukani. Muuzaji akacheka mpaka akashika kaunta. Akaita na mwenzake aje atazame. Akaniambia kabaidi inataka mashine nzito yenye mwendo mkali, isiyotikisika, na ukitaka kuinoa unatafuta jiwe la kijani, na maji baridi usiyasogeze karibu. Kimashine cha mezani kama changu ni haispidi tu, hata anayeanza kazi leo anajua. Akaniuliza, "Nani huyo aliyekushauri?" Nikamwambia baba yangu mkubwa, miaka thelathini mbele ya mashine. Akaacha kucheka.

Labda nilikuandikia vibaya ukadhani ni mashine kubwa. Nimebakiwa na visu viwili na miezi minne. Niambie la kufanya.

Kijiti

6 Aprili

Kijiti,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kazi nyingi. Mwandiko usikushangaze, ninasema, mke wa Bonge anaandika huku ananyonyesha. Mimi mzima kabisa. Baridi tu ya huku, vidole vinakuwa vizito asubuhi.

Sasa muuza duka ndiye fundi? Haya, aje apime bushi yako yeye. Asiyejua kucheza ngoma husema kiwanja kibovu, na wewe mkono wako mbovu unauita kisu. Mwanamke anavunja visu vitatu kwa mwezi mmoja halafu anatafuta wa kumlaumu. Mumeo naye nadhani alikuwa na hesabu yake ya vyombo.

Ila damu ni nzito kuliko maji. Nimekuonea huruma. Nitumie visu vya baba yako nikunolee mwenyewe. Vyote, usibakize hata kimoja. Mpe dereva wa basi la Jumamosi, Bonge atavipokea stendi. Nitavirudisha vikiwa na makali ya kunyolea ndevu.

Na usiniletee ujanja wa kuchanganya na vya dukani. Kila mnoaji ana mkono wake, kama mwandiko. Mwaga visu mia mezani, nifunge macho, nitakutolea vyangu kwa kugusa kwa kidole, na vya baba yako nitavijua kwa ubaya wake.

Baba yako mkubwa

19 Aprili

Baba Mkubwa, shikamoo.

Mama hajambo. Mvua zimeisha.

Visu ni hivi saba, nimeviviringisha kwenye mkono wa shati la kazi la baba. Kila kimoja kina utepe mweusi kwenye kitako, baba ndiye aliyeuzungusha ili kisiteleze, usiubandue. Naomba uvitazame vizuri kabla hujavigusa na jiwe. Naomba sana hilo. Umbo lake usibadilishe, rudishia makali tu.

Kijiti

28 Mei

Kijiti,

Marahaba. Mjukuu ameota jino la chini na anatuuma sote. Shangazi yako yupo hapa wiki ya pili, anakula vizuri na kusema sana.

Visu vyako anavyo dereva. Usishtuke ukifungua. Nilifanya kama ulivyoomba, nilivaa miwani nikavitazama kimoja kimoja, nusu saa nzima. Mwanangu, aibu! Pembe ya mbele imelala kama mlevi. Ubavu umeachiwa mpaka ncha haina mgongo. Kile cha kutoboa ndani ndiyo kichekesho, kimepinda kana kwamba aliyekinoa alikuwa anaangalia dirishani. Nilimwita shangazi yako aje aone kazi ya kipenzi chake. Nikamwambia, tazama, huyu ndiye mliyekuwa mkimsifu kwenye mazishi kwamba alinipita.

Kwa hiyo hakukuwa na cha kunoa. Ilibidi visagwe vyote, vianze upya. Nilimpa Bonge asage, mimi nikasimama pembeni nikimwelekeza, saga, saga, mpaka ubaya ule wote ukaisha. Bahati mbaya na chuma nacho kikaisha. Vimebaki vijipande vifupi kama kidole gumba. Havishikiki kwenye mashine, ila utajua angalau baba yako alikuwa nani.

Umebakiwa na mwezi. Usijitese. Bonge anakuja na gari tarehe moja Julai, mwambie mama yako atoe vikombe vyake kabatini mapema.

Baba yako mkubwa

22 Juni

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua hii namtumia shangazi pamoja na kifurushi. Nimemwomba akupe bushi kwanza, upime, ndipo akupe barua. Kwa hiyo unaposoma hapa umeshapima.

Mama hajambo, anatembea na fimbo. Alitaka kuandika yeye nikamkataza. Angekuwa mpole.

Nilikuambia visu vipo kwenye mkebe wa maziwa. Hukuuliza mikebe ni mingapi. Ni miwili. Mmoja una visu vya baba, na hivyo havijatoka chumba hiki hata siku moja. Uliponiambia visinipotezee muda, ndipo nilipovitoa. Nilikopa dukani vipande vinne vya haispidi tupu, vya inchi nne, nikaweka kisu cha baba kushoto na kipande changu kulia, nikasaga kidogo, nikalinganisha, nikasaga kidogo. Kipande cha kwanza nilikila chote. Cha pili nilikichoma kikawa cha bluu. Cha tatu kilikata, lakini kama panya. Cha nne, ganda la chuma likatoka refu, limejikunja vizuri, vikombe vya mama vimetulia kabatini. Nililia pale pale nimeshika mpini. Bushi uliyoipima imekatwa na kile cha nne.

Mkebe wa pili baba aliufunga kwa waya. Miezi miwili kabla hajafa aliniita akanionyesha. Alisema, "Hivi ni vya kaka. Alininolea nilipoanza kazi, na yote niliyonayo niliyapata kwa kuvitazama. Sijawahi kuvikatia chuma, naogopa kuvimaliza. Siku akivitaka, mpe vyake." Uliponiandikia nitumie visu, nikakupa vyako.

Ningeweza kukuambia. Sikukuambia makusudi. Nilitaka kuona kama utavijua kwa kugusa kwa kidole. Nikakuandikia vitazame, nikakuomba sana, umbo usibadilishe. Ungejua hata kimoja kati ya saba, Baba Mkubwa, mashine ningekupakilia mwenyewe kwenye gari la Bonge.

Nimekurudishia kijipande kimoja, nimebandua utepe. Tazama kitakoni. Nukta tatu za msumari. Hiyo ni alama yako, naambiwa kazini kwenu kila mtu anaijua. Pembe iliyolala kama mlevi ni pembe yako. Cha ndani kilichopinda ni chako, umekinoa ukiwa kijana mwenye mikono miwili mizima, kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichowahi kukishika, na umekisaga huku ukimwita shangazi aje acheke.

Shangazi ameniandikia pia habari ya mikono yako kutetemeka. Anasema chai unainywa kwa mrija. Anasema Bonge ndiye anayekufunga vifungo vya shati. Kumbe hata barua ulikuwa huwezi. Ungesema tu, ungekuja ukae hapa kwenye kiti cha baba unielekeze, na mashine ingekuwa yetu wote.

Bonge asije tarehe moja.

Kijiti

11 Agosti

Kijiti mwanangu,

Hii naandika mwenyewe. Utaona.

Mama yako hajambo? Mjukuu anakaa mwenyewe bila kushikwa.

Shangazi amekwisha kuutangazia ukoo mzima kwamba pini iliingia kwenye bushi kama mguu kwenye soksi ya mwenyewe. Mimi sina la kuongeza. Bonge nimemwambia asahau.

Kile kijipande kipo hapa mezani.

Nina jambo moja. Karakana imepata msimamizi mpya, kijana wa juzi, amezaliwa mimi nikiwa na mashine mbili. Anasema mikono yangu haifai. Amenipa mpaka mwisho wa Septemba nimkatie pini kumi za kipimo kimoja, akiziona sawa nitabaki mpaka nistaafu kwa heshima, zisipokuwa sawa natoka kwa mlango wa nyuma. Kuendesha mashine bado naweza. Mashine inashika yenyewe, mimi nageuza gurudumu tu, naliegemea kwa kiwiko. Kunoa ndiyo siwezi. Jiwe linanitupa mkono. Bonge nilimpa anoe, akaniletea kitu cha kupalilia bustani. Vijana wa pale nimewatukana miaka yote, hakuna hata mmoja wa kumwomba.

Ninaomba kisu kimoja. Haispidi, kilichonolewa tayari, mkono wowote, wa baba yako au wako. Ukituma Jumamosi nitakwenda stendi mwenyewe.

Nakumbuka nilivyomnolea vile saba. Alikuwa amekaa juu ya ndoo ananitazama. Aliniambia kaka, mimi sitaweza hivi. Nikamwambia kweli, hutaweza.

Baba yako mkubwa

30 Agosti

Baba Mkubwa,

Mama anakusalimu sana, mguu umepona, amepanda ngazi jana bila fimbo. Nimepata kazi ya bushi arobaini za pampu, nakereza tangu asubuhi.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Nilimsomea na mama. Alisema mpe, mtu mzima akiomba hivyo amekwisha kujivua nguo. Nikaenda chumba cha nyuma nikakunolea kimoja. Sikuharakisha. Nilikitazama kisu cha baba, na baba alikuwa amekitazama chako, kwa hiyo pembe ile ni yako imerudi kwa njia ndefu. Nilijaribia kwenye chuma, ganda likatoka moja, halikukatika. Nilikufungia kwenye karatasi ya mafuta, nikaandika jina lako juu.

Kikakaa dirishani siku tatu. Siku ya nne nilisoma tena ile ya Mei, pale ulipoandika nitajua angalau baba yangu alikuwa nani. Nikaikunja. Kisu nikakitoa kwenye karatasi, nikakitia kwenye mkebe wa baba, nikaufunga kwa waya.

Kilichomo humu ni kipande kipya cha haispidi, inchi nne, kitupu, hakijagusa jiwe. Angalia kona zake usijikate. Pembe unazijua mwenyewe, na dereva nimemlipa, usimpe kitu.

Mtoto wa mdogo wako